Kwa tuliokulia kwenye nyumba za watu: hakuna anayelazimika kutoa ushuhuda kabla hajawa salama

FundiMlandege (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa. Kamwene kwa wa nyumbani, na wengine wote habari zenu.

Niko Iringa mjini, nashona nguo upande wa Mlandege. Kwetu ni Kilolo. Safari yangu wengi mnaijua bila kusimuliwa: wazazi wamekwisha, bibi nguvu hana tena, anatokea mtu wa heshima na nauli mkononi. Anasema mtoto ataenda Dar kukaa na familia nzuri, atasaidia kazi ndogondogo na shule atasomeshwa. Basi linashuka Kitonga, na utoto unaishia hapo. Yaliyonipata kwenye ile nyumba sitayaandika, na sababu ya kutoyaandika ndiyo hasa mada yangu. Itoshe kusema halikuwa tukio moja. Yalikwenda kwa miaka, pa kukimbilia sikuwa napo, na mkono ulioniumiza ndio huohuo ulionipakulia chakula.

Sasa hivi nina mume mpole, watoto, na wateja wanaonisubiri hata mwezi mzima. Lakini mteja akitua mkoba mezani kwa kishindo, vidole vinakufa ganzi. Mtu akiniambia "kesho pitia kwangu, nina maneno na wewe", halafu asiseme ni maneno gani, usiku huo silali. Alfajiri saa kumi macho yako wazi, kwa sababu ndio muda niliokuwa nagongewa mlango. Nikisifiwa gauni limekaa vizuri, nahisi nimemdanganya anayenisifu. Harufu ya jiki inatosha kunibadilisha siku nzima.

Na mara nyingi picha yoyote haiji. Watu wanadhani mtu wa aina yetu anaona matukio yanapita machoni. Wapo wanaoona. Kwangu inakuja hisia tupu: ghafla nimekosea, sijui nimekosea nini, na adhabu iko njiani. Nakuwa na miaka ileile huku nimeshika mkasi na futi iko shingoni. Mwili ni kama mlinzi wa usiku ambaye hakuna aliyemwambia kwamba lindo limekwisha.

Hali hii ina jina kwenye vitabu vya tiba, kwa Kiingereza complex PTSD, yaani kiwewe cha maumivu yaliyorudiwa kwa muda mrefu, na nililitafuta kwa sababu nilichoka kuambiwa nina roho ya woga. Mwaka 1992 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Judith Herman, aliandika kwamba mtu aliyeumizwa mara nyingi, kwa muda mrefu, mahali asipoweza kutoka, anabaki na madhara mapana kuliko aliyepata ajali moja au vita moja. Ilichukua miaka mingi, lakini orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, inaitambua hali hiyo peke yake. Inataja kwanza yale yanayojulikana: kuyaishi upya mambo ya zamani, kukwepa kila kinachoyakumbusha, na kukaa muda wote macho kodo kana kwamba hatari iko mlangoni. Juu ya hayo inaongeza matatu: hisia zisizotulia au zinazozimika kabisa, kujiona huna thamani, na shida ya kukaa karibu na watu. Hayo matatu ndiyo yanayotuharibia ndoa na kazi, na ndiyo yanayoitwa tabia mbaya.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Kwetu nyanda za juu kusini kuna sehemu mbili ambapo mtu kama mimi anabanwa azungumze. Moja ni madhabahuni. Unaitwa mbele, unapewa kipaza sauti, unaombwa uwaeleze watu Mungu alikokutoa na useme umesamehe. Ya pili ni kikao cha ukoo, hasa Desemba watu wakirudi. Mjomba aliyekupeleka yuko pale, mama mdogo aliyejua yuko pale, na unaambiwa toa la moyoni leo tuyamalize. Nimekaa kwenye vyote viwili. Mara zote nilirudi nyumbani nikiwa hoi kwa wiki kadhaa, na waliokuwepo wakaondoka wakisema yamekwisha.

Nakataa. Herman huyohuyo alieleza kwamba kupona kuna hatua, na ya kwanza ni usalama. Kusimulia na kuomboleza kunafuata. Kurudi katikati ya watu na kujenga maisha kunafuata tena. Mtu asiye salama ukimlazimisha asimulie, unamrudisha mlemle. Na usalama ninaosema ni vitu vya kawaida kabisa: komeo la chumba liko upande wako. Ufunguo unao wewe. Kuna pesa kidogo ambayo hakuna anayeijua. Unakula kwa saa zinazojulikana. Unajua nani anaweza kuingia ndani mwako na nani hawezi. Kwangu komeo tu lilifanya kazi ambayo maombezi ya mkesha hayakuifanya, na naandika haya nikiwa mtu wa ibada, Jumapili sikosi.

Naomba kusikia wengine mnaishije siku kwa siku. Msiandike mliyofanyiwa kama hamtaki.

MtotoWaMufindi

Dada, nimesoma nikiwa nimepaki bajaji Mwanjelwa, abiria wamenipita.

Mimi sikupelekwa popote. Yangu yalikuwa nyumbani. Baba alikuwa mtu wa ulanzi, na wa kwetu mnajua masika yakianza ulanzi unakuwa mwingi kiasi gani. Miezi mingine alikuwa baba mzuri tu, ananibeba mabegani tukienda shambani. Ndiyo maana mpaka leo mvua za kwanza zikinyesha, wenzangu wanafurahi kupanda mahindi, mimi kifua kinabana. Nilikuwa nalala na viatu.

Nina swali. Wewe hofu inakufanya ugande. Mimi inatoka kwa hasira. Abiria akinibishia nauli kwa sauti ya juu, nasikia damu imepanda mpaka masikioni. Sijampiga mtu, nazima chombo naondoka, lakini siku hiyo hesabu ya bosi haitimii. Hii nayo ni kitu hichohicho au mimi ni mkorofi tu?

MzeeWaIsanga

Wanangu, poleni. Lakini mimi nimekulia Mbeya enzi ambazo mwalimu anakuchapa, ukifika nyumbani baba anakuongeza, na jirani naye ana haki yake. Tulikua, tulijenga, tulisomesha. Kizazi hiki kila kitu ni ugonjwa. Tusije tukawafundisha watoto kwamba malezi ni maradhi.

FundiMlandege

MtotoWaMufindi, ni kitu kilekile kaka yangu. Mwili ukihisi hatari, kuna anayepigana, kuna anayekimbia, kuna anayeganda, na kuna anayejipendekeza ili asidhurike. Wanaume wengi wa kwetu wamebaki na ile ya kwanza kwa sababu machozi walikatazwa. Kuzima bajaji na kuondoka ndiko kujitunza kwenyewe. Ukiweza ongeza kitu: ukishapaki, kanyaga chini kwa miguu yote miwili, taja kwa sauti mahali ulipo, taja mwaka huu, taja umri wako. Mimi nasema: "Hapa ni Mlandege, mimi ni mtu mzima, ufunguo uko mfukoni mwangu." Nashika chuma cha cherehani, na Juni au Julai kile chuma kina baridi ya kukuamsha kabisa.

Shikamoo Mzee wa Isanga. Nakuheshimu kama baba, na sikuja kuwashitaki wazazi wote wa zamani. Fimbo moja na mtoto akajua kesho anapendwa si ninachokizungumza, ingawa nami watoto wangu siwachapi. Nazungumzia mtoto asiyejua kama leo usiku atalala. Nchi yetu ilifanya utafiti wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2009, ukatolewa 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliotaja ukatili wa kimwili, wa kike na wa kiume, walikuwa karibu robo tatu. Si wote waliougua, na Mungu ashukuriwe. Lakini Mzee, kati ya hao mliokua nao pamoja, nakuomba uwakumbuke na wale ambao hawakujenga, waliokufa na pombe, waliopotelea Tunduma wasirudi. Nao walichapwa palepale.

NesiUyole

Nimestaafu, nimekaa wodi na kliniki za afya ya akili kwa muda mrefu. Niongeze ninayoyajua.

Kwanza, FundiMlandege amesema vizuri. Wataalamu wa Marekani kwenye kitabu chao cha uchunguzi bado hawajaitenga hali hii, kwa hiyo ukisoma mtandaoni utakuta mabishano. Hapa kwetu lisikusumbue. Mwambie mhudumu dalili zako na kwamba mambo yalidumu miaka, inatosha. Wengi wanafika kliniki wakilalamikia vidonda vya tumbo, kichwa, mapigo ya moyo na kukosa usingizi. Wanapimwa, vipimo viko sawa, wanapewa dawa za tumbo, wanarudi. Hakuna aliyewauliza wamelelewa wapi.

Pili, dawa. Zipo za kutuliza sonona na wasiwasi, mfano fluoksetini na setralini, na zinawasaidia baadhi ya watu kulala na kupunguza ule mshtuko. Zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, mtu asiache siku ya tano akasema hazifai. Diazepamu ni jambo jingine. Watu wananunua dukani wanazimeza kila usiku miezi na miezi. Haitibu kiwewe, inazoesha mwili, na kuiacha ghafla ni hatari. Kama umeshaizoea, usiikate mwenyewe, nenda ukapunguziwe taratibu.

Tatu, tiba ya mazungumzo. Kuna njia moja ninayoipenda kwa sababu ilijaribiwa kwa watu wa mazingira yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliitumia kwa wakimbizi wa Nakivale, Uganda, na waliotoa tiba walikuwa watu wa kawaida kutoka hukohuko kambini, waliofundishwa na kusimamiwa. Mgonjwa ananyoosha kamba chini, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka jiwe palipo na baya na ua palipo na jema. Ndipo wanaipitia kamba yote kwa utaratibu, kikao baada ya kikao, kila jiwe linapewa mahali pake na mwaka wake. Mtu anashangaa kuona maua yapo. Bibi aliyemfunika kanga, mwalimu aliyempa daftari. Angalieni tofauti na kipaza sauti cha mbele ya umati: hapa msikilizaji ni mmoja, hana haraka, hakuachi katikati ya jiwe, na hakudai usamehe.

Kliniki za afya ya akili zipo kwenye hospitali za rufaa. Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu uandikiwe rufaa. Kama ni mtoto anaumizwa sasa hivi, simu ya bure ni 116, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, hata kama mnamwita mdogo wenu. Na yeyote anayesoma hapa ambaye mawazo ya kujiua yanamjia, asilale nayo. Aende hospitali leo, akiwa na mtu.

MamaRungwe

Bwana asifiwe. Niko Tukuyu, ni mzee wa kanisa, nimeguswa na nimeumia kidogo pia.

FundiMlandege mwanangu, ushuhuda umewainua wengi. Nimewaona kwa macho yangu watu wakifunguliwa. Kwa hiyo nilipoanza kusoma nilitaka kukupinga. Nikamkumbuka binti mmoja kwetu aliyeitwa mbele na mgeni aliyekuja kwenye semina. Alisimulia yote, watu wakalia, wakaimba. Wiki iliyofuata hakuonekana, na iliyofuata pia. Nilipomfuata nyumbani aliniambia kila akipita sokoni anaona watu wanamwangalia chini ya kiuno. Nilikosa la kumjibu.

Tangu hapo kwenye kundi letu la akina mama tunafanya hivi: anayetaka kusema anakuja kwa mtu mmoja, nyumbani, tunamenya viazi au tunachambua maharage huku anasema. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unapata nafasi. Asiposema, tunamenya tu. Kuhusu kusamehe, bado naamini ni amri ya Mungu. Lakini Mungu haangalii saa, na mimi sina mamlaka ya kumpangia mtu siku.

FundiMlandege

Ndaga fijo mama. Hilo la viazi nimelichukua kama lilivyo. Nami mashine inapokuwa inakwenda ndipo naweza kusema mambo na shoga yangu tuliyepanga naye fremu. Tukikaa uso kwa uso siwezi. Kuna anayekuangalia usoni kwa huruma mpaka unajikuta unamfariji yeye.

Na nikuambie ukweli, imani ndiyo iliyonishika nisife. Kile kipaza sauti ndicho ninachokataa.

MtotoWaMufindi

Nesi, asante. Nimejaribu ile kamba usiku, peke yangu, kwa kipande cha kamba ya kufungia mzigo. Nilifika kwenye jiwe la pili nikaacha.

NesiUyole

Umefanya vizuri kuacha kaka. Hiyo kamba ni ya kufanya na mtu aliyefundishwa, usiirudie peke yako. Ukiwa mwenyewe weka maua tu. Nakusisitiza uje kliniki, na ukija na mtu unayemwamini akukalie nje ni vizuri zaidi, maana foleni inachosha na wengi huondoka kabla hawajaitwa.

MzeeWaIsanga

Nimerudi. Nilikuwa na kaka yangu tuliyefuatana. Alikuwa na akili kuliko mimi. Alikwenda migodini Chunya, hakuwahi kuoa, alikuwa akinywa mpaka analala njiani. Tulimzika tukisema pombe imemuua. Binti, umenifanya nimfikirie tangu jana. Sina zaidi.

FundiMlandege

Pole sana baba. Asante kwa kumtaja.

Msafiri_Makambako

Habari za humu. Mimi ni mume. Mke wangu ametoka Makete, wazazi walifariki wakati ule wa vifo vingi, akalelewa kwa ndugu kwa zamu, huku mwaka, kule mwaka. Naye alipitia kazi za ndani. Hasemi. Ninachokiona ni kwamba nikirudi nimechoka na nisipoongea, anaanza kusafisha nyumba usiku, anafua hata safi. Nikimgusa bega kwa nyuma anaruka. Tukikosana kidogo anafungasha nguo zake, hata kama tumebishana habari ya chumvi. Nampenda. Nilikuwa nadhani hanipendi. Nifanye nini? Desemba ukoo wake umetuita Makete kwa kikao, wanataka "wayaweke sawa" na shangazi yake mmoja. Yeye amekubali kwenda lakini tangu akubali hajala vizuri.

FundiMlandege

Shemeji, nakujibu kwa yale ambayo mume wangu alijifunza kwangu, maana hakuna aliyemfundisha.

Ukirudi umechoka, sema. "Leo nimechoka na kazi, si wewe." Maneno hayo machache tu, kila siku, hata ukiona anayajua. Sisi tulilelewa kusoma sura ya mtu kabla hajafungua mdomo, na sura iliyokaa kimya kwetu ni hatari. Usimguse kwa nyuma. Toa sauti kwanza, kohoa, ita jina lake. Ukimkuta anafua usiku usimkemee aache, na usimnyang'anye beseni. Kaa hapo karibu, msuuzie. Usiku mwingine ataacha mwenyewe.

Kufungasha. Mume wangu alinunua begi dogo akaniambia hilo ni langu, nguo zikae humo muda wote, na nauli ya kufika kwa dada yangu iko ndani, hataigusa. Watu walimwona mjinga. Tangu nipate lile begi sijafungasha tena, kwa sababu mlango niliojua uko wazi sikuwa na haja ya kuukimbilia. Sijui kama itafaa kwa mkeo, muulize. Kila kitu muulize, hata rangi ya pazia. Kuulizwa ni kitu ambacho hatukukizoea, mwanzoni atasema "chochote tu". Subiri. Siku moja atasema anataka la kijani, na hapo usibishe.

Kukosana kutakuwepo. Mkikosana, rudi uyamalize siku hiyohiyo, mwambie jambo limekwisha na uonyeshe kwamba limekwisha. Kwetu kosa halikuwa linakwisha, lilikuwa linatunzwa.

Usimchimbe akueleze yaliyotokea. Akianza mwenyewe, sikiliza, usiulize "kwa nini hukukimbia". Akinyamaza katikati, mpikie chai. Na wewe nawe tafuta mtu wa kuongea naye, maana unabeba.

Kuhusu kikao cha Makete: amekubali kwenda, lakini mwili wake umekataa, unaona mwenyewe hali chakula. Mkalishe mchana, nyumba ikiwa tulivu, umwambie anaweza kubadili mawazo hata leo, hata siku ya safari, hata mkiwa mmeshafika Njombe, na wewe utageuza naye bila kununa. Kama bado anataka kwenda, laleni kwa mtu ambaye yeye amemchagua, mahali mtakapoweza kufunga mlango wenu wenyewe. Kaeni karibu na mlango kwenye kikao. Pangeni neno moja, akilisema tu mnasimama na kuaga. Na yule shangazi asikae naye chumba kimoja wawili peke yao, hata kwa dakika ya kusalimiana.

Akiamua kutokwenda, ukoo watapiga simu, na watampigia yeye kwanza kwa sababu wamezoea kwamba yeye hakatai. Simu hiyo pokea wewe. Sema mimi ndiye nimeamua tusije mwaka huu, salimieni wote, tutatuma mchango wa kikao kwa simu. Wakasirikie kwako.

Msafiri_Makambako

Nimemsomea jibu lako lote. La begi alicheka, halafu akauliza kama linaweza kuwa la kijani. Simu ya Makete nimepiga leo mchana, amekaa pembeni yangu nikiongea. Wamekasirika.